Wageni 10, Meza ya Watu 6: Uchambuzi wa Chakula cha Jioni Kimoja Mtaani South C

Kisa kinachochambuliwa hapa ni cha Jumamosi moja ya mwezi wa Julai katika mtaa wa South C, Nairobi, ambapo mume na mke waliwaalika watu 10 kula chakula cha jioni nyumbani kwao. Mke ni mwalimu wa shule ya upili, mzaliwa wa Mombasa, na mume ni mhasibu. Wanaishi katika fleti ya vyumba 2 vya kulala, orofa ya 3, katika jengo lisilo na lifti. Wageni wenyewe walikuwa mchanganyiko ambao mkazi yeyote wa jiji hili atautambua: mjomba wa mume, mzee aliyepita miaka 70 na mwenye ugonjwa wa kisukari, pamoja na mkewe; dada yake mwenyeji wa kike, aliyekuwa amekuja kutoka Mombasa; majirani wao wa zamani, mume na mke Wahindi kutoka Parklands, wasiokula nyama, samaki wala mayai; walimu wawili wa shuleni kwa mke, mmoja wao Mwislamu; rafiki wa mume na mkewe, wakazi wa Ongata Rongai; na mimi ninayeandika, ambaye wenyeji walinishirikisha katika mipango tangu mwanzo na wakaniruhusu kuieleza hadharani bila kuwataja majina.

Walitaka mambo matatu. La kwanza, wageni wastarehe bila kujisikia wako kwenye hafla ya kiofisi. La pili, nyumba na chakula vipendeze, kwa sababu wenyeji hawa wanapenda vitu vizuri na hawaoni haya kusema hivyo. La tatu, ambalo mke alilitaja kwa sauti ya chini kana kwamba anaomba kitu kikubwa mno, ni kwamba yeye mwenyewe akae, ale, na azungumze na wageni wake hadi mwisho. Hoja yangu katika uchambuzi huu ni kwamba hilo la tatu ndilo lililoyabeba mengine mawili, na kwamba kila uamuzi uliofanikiwa usiku ule ulitokana nalo.

Nasema hivi kwa kuwa katika nyumba nyingi za Nairobi mwaliko hufuata mojawapo ya njia mbili, na zote mbili humwondoa mwenyeji mezani. Katika njia ya kwanza wanawake hubaki jikoni usiku kucha wakipeleka sahani sebuleni, na mama mwenye nyumba huonekana tu wakati wa kukaribisha na wakati wa kuaga. Katika ya pili familia hujaribu kuigeuza nyumba kuwa hoteli, chakula kikaja kwa awamu, kila sahani ikiwa imepambwa, na mwenyeji akageuka mhudumu. Mpango wa kwanza wa kisa hiki ulikuwa wa aina hii ya pili.

Mpango ulioachwa

Wiki moja kabla ya siku yenyewe, mwenyeji alikuwa ameandika hivi: supu ya malenge ya kuanzia, kisha samaki mzima wa kuokwa kwa kila mgeni, chapati za moto zikitoka moja kwa moja kwenye jiko, na mwisho keki ya chokoleti iliyotoka kwenye oveni wakati huo huo. Kila kimoja ni kizuri. Tatizo lao ni kwamba vyote vinne vinadai saa maalumu, na Nairobi haimpi mtu saa maalumu. Mwaliko ulisema saa moja jioni. Wageni wa Parklands walipaswa kuvuka jiji lote. Walimu walikuja kwa matatu. Wa Rongai walitegemea Barabara ya Magadi na kisha Barabara ya Lang'ata, ambazo jioni ya Jumamosi hazina ahadi. Barabara ya juu kwa juu ya Expressway, iliyofunguliwa mwaka 2022 kutoka Mlolongo hadi Westlands, imewarahisishia safari watu wa Syokimau na Mlolongo, lakini mtu wa Rongai haimfai kitu. Ukizijumlisha njia hizo zote, utaona kwamba kati ya mgeni wa kwanza na wa mwisho itapita saa moja na nusu au zaidi, tena bila mtu yeyote kuwa mzembe.

Samaki wa kuokwa hawezi kungoja saa moja na nusu. Akingoja, hukauka. Chapati inayopikwa wageni wakiwa sebuleni humweka mtu mmoja mbele ya moto kwa muda mrefu, na katika fleti ambayo jikoni hutenganishwa na sebule kwa ukuta mfupi tu, moshi wa mafuta huingia katika nguo za kila mtu. Nilimweleza mwenyeji kwamba swali la kuuliza kuhusu kila chakula ni moja: je, kikikaa saa 2 kitaharibika au kitakolea? Alichukua kalamu akafuta orodha yote, jambo lililonionyesha kwamba alikuwa amekwisha kuliona tatizo na alihitaji tu mtu wa kukubaliana naye.

Chakula kinachoweza kungoja

Orodha mpya ilitoka katika upishi aliokulia. Kuku wa kupaka ndiye aliyekuwa chakula kikuu. Mbaazi za nazi na biringani za kukaangwa kwa nyanya ziliwekwa kwa ajili ya wasiokula nyama, ingawa kila mtu alizila. Wali mweupe wa pishori ya Mwea, chapati, mchicha, kachumbari, achari ya embe na pilipili vilikamilisha. Kabla ya hapo, sambusa za ndengu na krispi za muhogo. Baada ya hapo, nanasi na papai, halua aliyoileta dada kutoka Mombasa, na kahawa chungu yenye tangawizi na iliki.

Faida ya kuku wa kupaka katika hali kama hii inafaa kuelezwa kwa kina. Mapishi yake ni ya hatua mbili zinazoweza kutenganishwa. Kuku, ambao hapa walikuwa 3 waliokatwa vipande 8 kila mmoja, walitiwa tangawizi, kitunguu saumu, ndimu na chumvi tangu usiku wa Ijumaa, kisha wakachomwa saa tisa alasiri. Kwa desturi huchomwa juu ya makaa, lakini jiko la makaa ndani ya fleti ni hatari ya kweli, kwa sababu hewa yake ya sumu haina harufu na watu hufa kwayo bila kujua. Roshani nayo ilikuwa nyembamba na juu yake kulikuwa na nguo za jirani. Wakachomwa kwa moto wa juu wa oveni hadi ngozi ikaanza kuungua pembeni. Rojo la tui, nyanya, bizari na pilipili lilipikwa kando. Saa moja jioni vipande viliingizwa ndani ya rojo kwa moto mdogo, na kuanzia hapo kila dakika iliyopita ilimzidishia kuku ladha. Sharti lilikuwa moja tu: tui zito linapotiwa, likorogwe bila kupumzika hadi lichemke, lisije likakatika, na ndimu ya mwisho itiwe moto ukishazimwa.

Mbaazi zilileta mjadala mdogo. Dada wa Mombasa alikadiria muda wa kuzipika kama anavyokadiria kwake, na zikakataa kuiva. Nairobi iko takriban mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, na kwa sababu hiyo maji yake huchemka kwenye nyuzi 94 hivi badala ya 100. Mbaazi kavu zinazoiva upesi pwani hapa huchukua muda mrefu zaidi. Kwa kuwa zilikuwa zimelowekwa usiku kucha, sufuria ya presha iliokoa mambo, na tui jepesi likafuata, kisha tui zito. Naitaja habari hii kwa ajili ya kila mtu anayepika Nairobi kwa vipimo alivyojifunza Mombasa, Malindi au Lamu: anza mapema.

Kwa watu 12 walipika kilo 1 na nusu ya mchele, robo tatu ya kilo ya mbaazi kavu, na chapati zilizotoka katika paketi nzima ya unga ya kilo 2, ambayo hutoa ishirini na kitu. Chapati zilipikwa saa kumi alasiri, zikapangwa ndani ya hotipoti huku kitambaa safi kikiwekwa chini na juu ili kunyonya mvuke. Sambusa hazikutiwa humo. Sambusa ikifungiwa penye mvuke hulegea manda yake. Ziliwekwa kwenye trei wazi ndani ya oveni yenye moto mdogo kabisa, na saa moja na nusu baadaye bado zilikuwa zinavunjika kwa mlio.

Kuhusu nani anakula nini, mwenyeji alifanya jambo ambalo watu wengi huliona la aibu, nalo ni kuuliza. Aliwapigia simu majirani wa Parklands akawauliza kama wanakula vitunguu na viazi, kwa kuwa wapo Wahindi, hasa wa dini ya Kijaini, wasiovila; majirani hawa wanavila. Kuku walinunuliwa kwa muuzaji wa nyama ya halali hapo hapo South C, jambo ambalo katika mtaa huo halimgharimu mtu hata hatua mia za ziada. Vyakula visivyo na nyama vilipikwa katika sufuria zake, vikapewa miiko yake, na vikawekwa mwanzo wa meza badala ya mwisho, ili asiyekula nyama apakue kabla mwiko wa kuku haujaanza kuzunguka. Hakuna aliyetangaziwa habari hii. Mama wa Parklands aliitambua mwenyewe, na niliona uso wake ukibadilika.

Pombe haikuwekwa. Katika meza yenye mjomba, mgeni Mwislamu na marafiki waliozoea glasi ya divai, wenyeji walipima wakaamua kutoiweka, na wale wawili waliozoea wakaarifiwa mapema kwa simu ili wasije na chupa. Nakubaliana na uamuzi huo, lakini kwa sharti ambalo wao walilitimiza na wengi hawalitimizi: kinywaji kisicho na pombe kipewe heshima ile ile. Si haki kumwambia mtu hakuna divai kisha ukamwekea soda ya chupa ya plastiki katikati ya meza. Julai Nairobi ni baridi, hasa jioni, kwa hiyo kila aliyeingia alipewa kikombe cha dawa ya moto, yaani tangawizi, ndimu na asali, kutoka kwenye thamosi iliyokaa karibu na mlango. Mtu aliyetoka kwenye matatu mikono ikiwa baridi, akapokewa kwa kikombe cha moto kabla hata hajaketi, huwa amekwisha kutulia. Juisi ya ukwaju ilikuwa kwenye jagi la kioo mezani.

Nyumba

Sebule ilikuwa na makochi yaliyojaa kuta tatu, kama sebule nyingi za jiji hili, na meza ya kulia ya watu 6. Mume alitaka kuazima meza na viti vya plastiki ili wote wakae pamoja. Mke alikataa, na alikuwa na haki. Watu 12 waliobanana kwenye meza zilizoungwa hawawezi kusimama bila kumwinua jirani, na kila mtu huzungumza na wawili wa pembeni yake tu. Badala yake meza ya kulia ilisogezwa ukutani ikawa mahali pa chakula, viti vyake 6 vikasambazwa sebuleni, meza ya kahawa ikaondolewa, na zulia nene likatandikwa katikati pamoja na mito kwa wale wanaopenda kukaa chini. Mjomba na mkewe waliwekewa viti vyenye mgongo na kijimeza mbele yao.

Meza ya chakula ilitandikwa leso mbili za rangi ya samawati na nyeupe. Mwenyeji aliyasoma maneno ya kila leso kabla ya kuitandika, kwa kuwa nyingine hubeba mafumbo ambayo hungependa mke wa mjomba wa mumeo ayasome akipakua wali. Maua yalikuwa waridi za Naivasha zilizonunuliwa City Market, zikakatwa fupi na kutiwa katika bilauri za kawaida, ili mtu aweze kumwona mwenzake upande wa pili. Taa ya darini, yenye mwanga mweupe mkali, ilizimwa, na taa tatu ndogo za mwanga wa manjano zikawashwa pembeni. Udi ulifukizwa saa kumi na moja, kisha madirisha yakafunguliwa, hivi kwamba wageni walipofika ilibaki harufu hafifu tu isiyoshindana na chakula. Sijui badiliko lolote la gharama ndogo kuliko hilo la taa lililoipendezesha nyumba kiasi kile.

Maji hayakuwa yakitoka Jumamosi ile. Jiji hili hutegemea kwa sehemu kubwa bwawa la Ndakaini kule Murang'a, na mitaa mingi hupata maji kwa zamu; wenyeji waliijua zamu yao, wakajaza pipa na mitungi tangu katikati ya wiki. Msalani kuliwekwa ndoo iliyofunikwa, kopo safi, taulo ndogo za mikono zilizokunjwa na taa. Mgeni akikuta msala usio na maji, waridi za sebuleni hazimsaidii.

Msaidizi wao wa nyumbani huwa na mapumziko kuanzia Jumamosi mchana. Shinikizo la kumwomba abaki lilikuwepo, tena lilitoka kwa jamaa wenye nia njema. Hawakumwomba. Naona hili kuwa jambo la heshima hasa: mwaliko unaowezekana tu kwa kuchukua mapumziko ya mtu mwingine haujapangwa bado. Kama angebaki, ingepasa alipwe kwa kazi hiyo na ale chakula kile kile wakati ule ule. Bawabu wa langoni naye, aliyewapangia wageni mahali pa kuegesha magari, alipelekewa sahani yake ya moto kabla mgeni yeyote hajapakua.

Usiku wenyewe

Mjomba na mkewe walifika wa kwanza, saa moja kasoro dakika kumi, jambo ambalo halikumshangaza mtu. Mzee aliketi, akapokea dawa yake isiyotiwa asali, kisha akauliza kama anaweza kuona taarifa ya habari ya saa moja. Mpango ulisema televisheni isiwashwe kabisa. Mwenyeji aliiwasha papo hapo. Mtu ambaye kwa miaka mingi amesikiliza habari za Kiswahili saa moja jioni hawezi kustarehe akinyimwa, na zaidi ya hayo walikuwepo watu wanne tu sebuleni. Habari zikawapa wageni waliofuata cha kuzungumzia, na zilipokwisha mzee mwenyewe ndiye aliyesema izimwe.

Mwalimu Mwislamu alikuwa ameswali magharibi kabla ya kutoka nyumbani, kwa kuwa jua la Nairobi mwezi huo huzama yapata saa kumi na mbili na dakika arobaini. Kwa ajili ya isha aliwekewa mkeka safi katika chumba kimoja cha kulala, na mwenyeji alikuwa amekwisha kuuelekeza upande wa kibla, ambao kutoka hapa ni kaskazini, ukiinamia kidogo mashariki. Alirudi sebuleni kabla wengi hawajatambua kwamba ametoka.

Saa mbili na nusu watu 8 kati ya wageni 10 walikuwa wamefika, na wale wa Rongai walipiga simu wakisema wamekwama karibu na Bomas. Hapa ndipo wenyeji wengi hukosea, ama kwa kuwangoja waliochelewa hadi waliofika mapema wanune kwa njaa, ama kwa kuanza na kuwaachia waliochelewa makombo. Mke alifanya jambo la tatu. Kabla ya kumkaribisha yeyote mezani alitoa chakula cha watu wawili, vipande vizuri vya kuku vikiwemo, akakifunika na kukiacha jikoni. Kisha ndipo alipofungua sufuria. Wageni waliona, na hiyo iliwaondolea haya ya kula wenzao wakiwa njiani.

Kilichofuata nakihesabu kuwa sehemu bora ya usiku mzima, nacho ni kunawa mikono. Hata kama sinki lingekuwa na maji ya kuwaelekezea watu, wenyeji walikuwa wamechagua jagi na beseni. Maji yalikuwa ya uvuguvugu, yenye vipande vya ndimu, na taulo ndogo ilitundikwa mkononi mwa mume, ambaye ndiye aliyezunguka. Alianza kwa mzee: "Mjomba, karibu unawe." Mzee alinyoosha mikono, maji yakamiminwa polepole, akaisugua, akapanguswa. Kisha mke wa mjomba, kisha majirani wa Parklands, kisha wengine kwa zamu. Kazi hiyo ilichukua muda, na muda huo ndio uliowanyamazisha watu, ukawageuza kutoka vikundi vitatu vya mazungumzo kuwa meza moja. Kwamba mwanamume mwenye nyumba ndiye aliyeshika jagi liligusa watu kwa namna tofauti. Mke wa mjomba alicheka kidogo, kisha akambariki. Napendekeza desturi hii kwa yeyote anayetafuta namna ya kuupamba mwaliko wake: hakuna chombo cha mapambo kitakachoishinda, na ni yetu. Mzee aliombwa aombee chakula, akafanya hivyo kwa maneno machache ambayo kila mmoja aliweza kuyaitikia kwa imani yake.

Watu walijipakulia, isipokuwa wazee wawili, ambao mke aliwapelekea sahani baada ya kuwauliza wanataka nini. Mtu mzima asipange foleni ya chakula nyumbani kwa mpwa wake, hata mwaliko uwe wa kisasa namna gani. Kisha mke akapakua chake, akaketi juu ya mto, akala. Kwa kuwa jikoni hakukuwa na kitu kinachomwita, aliweza kusikiliza kisa kizima cha jirani wa Parklands kuhusu duka la babu yake huko Ngara, akauliza maswali, akacheka mahali pa kucheka. Nadhani wageni wengi hawakutambua kwa nini walijisikia huru hivyo. Mgeni hupima kwa mwenyeji wake: akimwona anakimbia, naye hula haraka.

Wa Rongai waliingia saa tatu kasoro dakika kumi wakiwa na pakiti ya sukari, maembe ya makopo na msururu wa maneno ya kuomba radhi. Mzee aliwakata: "Kaeni mle kwanza, habari za njiani tutazisikia mkishashiba." Chakula chao kilikuwa moto na kamili.

Yaliyopungua

Kachumbari iliharibika. Dada, kwa kutaka kusaidia, aliitia chumvi na ndimu saa kumi na mbili, na kufikia saa mbili na nusu nyanya na vitunguu vilikuwa vikielea majini, kwa kuwa chumvi huyavuta maji yote nje. Vitunguu vikatwe mapema, vioshwe kwa maji ya chumvi na kuchujwa; nyanya zikatwe baadaye; chumvi na ndimu zisubiri hadi watu wanawe mikono.

Viatu vilileta aibu ndogo lakini ya kweli. Nyumba hii huvua viatu mlangoni, na mwaliko haukusema. Mke wa Rongai alikuwa amevalia kiatu kilichokuwa nusu ya vazi lake. Mjomba, ambaye miguu yake huvimba, alilazimika kuinama akiwa amejishikiza ukutani, kwa sababu hapakuwa na kiti. Taarifa ya mstari mmoja katika mwaliko, kiti kimoja mlangoni na jozi kadhaa za ndara safi zingetosha.

Kosa kubwa zaidi lilitokea saa tatu na nusu, tena katika jambo lile lile lililokuwa limefanikiwa. Mke alisimama kukusanya sahani. Hakuwa na nia ya kuharakisha mtu. Ni mazoea ya mikono. Lakini mara tu aliposimama, mama wa Parklands naye alisimama kusaidia, mwalimu mmoja akatazama simu yake, mzee akaulizia koti, na kwa dakika chache ilionekana kwamba usiku umekwisha ilhali wa Rongai walikuwa ndio kwanza wanamaliza kula. Dada ndiye aliyeuokoa. Alitokea jikoni na sinia ya kahawa, vikombe vidogo na halua iliyokatwa, pamoja na chai isiyo na sukari ya mzee, akaiweka katikati ya zulia na kuketi kando yake. Walioinuka wakaketi. Sahani zilizotumika ziliachwa ndani ya beseni lenye maji na sabuni, mlango wa jikoni ukavutwa, na mazungumzo yakaendelea hadi saa tano kasoro.

Tumekubaliana na mwenyeji kwamba safari ijayo beseni hilo liandaliwe mapema na kuwekwa pembeni ya sebule chini ya kitambaa, kila mtu atie sahani yake humo akimaliza, na kahawa ije kabla ya mtu yeyote kugusa vyombo. Hatukukubaliana kuhusu muziki, ambao yeye aliuacha kabisa na mimi ningeuweka kwa sauti ya chini katika saa ya kwanza, wakati wageni bado ni wachache na ukimya unasikika. Mwaliko unaofuata ni wa Desemba, maembe yakiwa msimu na mvua za vuli zikiwa hazijaisha. Orodha imekwisha kuandikwa, na ina kiti cha mlangoni.